Mkono wa Fundi Ukutani

Fundi alikuwa akionja mchanga. Lori lilipofika na mzigo, alichota punje kidogo, akaziweka ulimini, akatafuna taratibu, kisha akatema pembeni ya tairi na kumwambia dereva, "Geuza. Huu una udongo." Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilikuwa na miaka kumi, nimetumwa dukani, na nilisimama palepale na sukari mkononi mpaka mama akaja kunitafuta. Sikuwa najua kama mtu mzima anaruhusiwa kula mchanga hadharani. Nimemfahamu mzee yule zaidi ya nusu ya maisha yangu na sikuwahi kumzoea. Kila nilipodhani nimemmaliza, alinishtua tena.

Yeye ndiye aliyejenga kuta za bustani ya juu. Ukisimama sokoni Nyamagana ukainua macho, unaona mawe makubwa, kisha nyumba zilizojibana kati ya mawe, kisha, juu kabisa, mstari wa kijani. Mstari huo ndio bustani. Mgeni hudhani mlima wenyewe ni tambarare kule juu. Si kweli. Tambarare ile ni udongo uliobebwa kwa ndoo na kumwagwa nyuma ya kuta za mawe, na kuta zisingekuwepo, majani, maua na mabenchi vyote vingeshuka sokoni. Mafundi walikuwa wengi mlimani, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza jina, kila mtu alijua unamsema nani. Hao wengine walijua pia, na haikuwafurahisha.

Mwaka huu, baada ya kumaliza chuo na kukaa nyumbani muda mrefu nikisubiri simu, ofisi moja ilinipa mkataba mfupi wa kuandika ripoti juu ya sanaa na majengo yanayoizunguka bustani: kipi kihifadhiwe kama kilivyo, kipi kirekebishwe. Sura ya kwanza ilikuwa ukuta mkubwa wa Fundi, ule unaoangalia ziwa, wenye mchoro ambao mji mzima unauita Mkono. Ningeandika "uhifadhiwe", usingeguswa. Chini ya ukuta ule kuna njia ya miguu, na chini ya njia kuna nyumba ya Mama Kulwa, anayelala humo na wanawe watatu. Kwa hiyo sentensi yangu moja ilikuwa na watu wanne ndani yake. Na mimi ni mtu ninayeweza kuandika meseji ya salamu, nikaifuta, nikaiandika tena, nikalala bila kuituma.

Fundi hakuwa hivyo. Alisema jambo mara moja na kulisahau. Alimsalimia kila mtu "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata jua likiwa linazama, na ukimsahihisha alijibu kwamba kwake asubuhi inaisha kazi ikiisha. Aliongea juu ya ukuta kama muuguzi anavyoongea juu ya mgonjwa. Kuna siku nikiwa kidato cha kwanza nilimuuliza vile vibomba vinavyochungulia kati ya mawe ni vya nini. Akasema, mbele ya watu waliokuwa wakipita kwenda kanisani, "Ukuta unakunywa mvua, binti. Ukinywa lazima ukojoe. Ukiuzuia, unavimba, halafu unakuangukia." Nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke mmoja aliyevaa kitenge cha kwaya akacheka hadi akaegemea ukuta wenyewe.

Alikuwa na kidole cha shahada kisicho na ncha. Sijui kiliishia wapi. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili alinipa hadithi tofauti kwa uso uleule mkavu, moja ya jiwe na nyingine ya mamba.

Nikiwa likizo, Jumamosi moja, alinizungusha bustani nzima. Hakuita matembezi. Aliita "kukagua". Alinionyesha ngazi zinazopanda kutoka barabarani, akaniambia nihesabu pumzi na si vidato. Nikagundua kwamba vidato mbele ya nyumba za wazee ni vifupi, na penye kijiwe cha vijana wa bodaboda ni virefu. "Hao wana magoti," alisema. Alinipeleka kwenye nyumba ambazo ukuta wa nyuma ni jiwe la mlima lenyewe, kubwa kama lori, na sebule imejengwa kulizunguka. Ndani ya mojawapo walikuwa wametundika kalenda na picha za harusi juu ya jiwe, kwa gundi. Chuoni baadaye nilionyeshwa kwenye skrini nyumba za nchi za mbali zilizojengwa hivyohivyo, mhadhiri akishangaa ubunifu wa waliozijenga, na mimi nikakaa nyuma nimeduwaa, nikiwaza kalenda ile.

Penye lango la bustani kuna samaki mkubwa wa vyuma chakavu, sangara, aliyeunganishwa na kijana mmoja kutoka viwandani Nyakato. Watu hupiga naye picha. Fundi alimzunguka mara tatu.

"Unamwonaje?" nikamuuliza.

"Ana kutu."

"Lakini kama kazi ya sanaa, Fundi?"

"Sanaa ni shughuli ya mtu ambaye paa lake halivuji," akasema, akaendelea na safari.

Nilimwamini kwa miaka mingi. Kisha siku moja, nikiwa nimekaa njiani bila kazi, niliona kitu kwenye ukuta wa chini: jiwe moja la rangi ya waridi katikati ya mawe ya kijivu. Nikaenda ukuta wa pili, lipo. Wa tatu, lipo. Kila ukuta aliojenga una jiwe moja la waridi, kwenye usawa wa macho, limegeuzwa upande wa ziwa ili jua la jioni lilipige. Mawe ya namna hiyo hayapatikani mlimani kwetu. Kuna mtu aliyabeba kutoka mahali. Nilipomwambia nimeyaona, alinikazia macho kama mtu aliyefumaniwa. "Yalibaki," alisema. Yalibaki kutoka wapi, hakusema.

Nyumbani kwake nako kulinishtua. Nilidhani fundi wa namna ile anaishi kwenye nyumba ya mawe, pengine juu kabisa, na kibaraza. Alipanga chumba Nyakato, kwenye nyumba ndefu za wafanyakazi, kuta za tofali za kuchoma, bati linaloimba kila joto likibadilika. Nikamuuliza kwa nini hakujijengea hata chumba kimoja cha mawe. Akasema mawe yana baridi, hayafai kwa binadamu. Nikakaa na jibu hilo wiki nzima nikijaribu kuamua kama ni utani.

Sasa nifike kwenye Mkono, maana nimekuwa nikiuzunguka.

Nilipokuwa kidato cha tatu, kikundi chetu cha sanaa shuleni kilipata ruhusa ya kuchora kwenye ukuta mkubwa. Tulijadiliana sana tuchore nini. Wengine walitaka ziwa, wengine ndege. Mimi ndiye niliyesema tuchore mkono wa Fundi ukiweka jiwe. Tulimwendea kwa woga, tukitegemea atufukuze na mwiko. Akauangalia mkono wake mbele na nyuma. Kesho yake alikuja amevaa koti, amenyoa ndevu, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akautoa mkono ili tuupime. Hakusema habari ya paa linalovuja.

Mawe hayashiki rangi vizuri, kwa hiyo ukuta ulipaswa kupigwa lipu kwanza, sehemu yote ya katikati, uwe laini. Vibomba vya maji vilipita palepale ambapo vidole vingekaa. Fundi alisema, "Matundu hayo yaacheni." Mwenzetu mmoja akalalamika kwamba mkono utaonekana una vidonda. Fundi akatazama ukuta, akatazama mkono wake, akasema, "Basi zibeni. Nitafungua mengine pembeni." Mimi ndiye niliyeziba. Nilikunja karatasi za mifuko ya saruji, nikazisokomeza kwenye vibomba kimoja baada ya kingine, kisha lipu ikapita juu. Tulipomaliza mkono ulikuwa mrefu kupita nyumba, na kidole kisicho na ncha kilikuwa wazi kwa mtu aliye sokoni. Ninayo picha ya Fundi amesimama chini yake na koti lake, amebana midomo ili asitabasamu.

Mama Kulwa ndiye aliyeshukuru zaidi. Zamani, kila mvua, maji yalitoka ukutani yakajaza mfereji ulio pembeni ya nyumba yake na yeye akafagia tope. "Tangu mchore," alikuwa akiniambia kila tukikutana, "mfereji umekauka kabisa. Mungu awabariki wachoraji."

Chuoni, mwaka wa pili, tulifundishwa kuta zinazozuia udongo. Mhadhiri alichora ukuta, akachora maji nyuma yake, akachora mishale ikisukuma. Nikazikumbuka karatasi zangu za mifuko ya saruji. Halafu nikajiambia Fundi alisema atafungua mengine, na Fundi hasemi jambo mara mbili kwa sababu hulifanya mara ya kwanza. Nina uwezo wa kuwaza neno moja la salamu usiku kucha, lakini hilo nililiwaza dakika moja tu, nikalifunga. Sikuwahi kwenda pembeni ya ukuta kutazama.

Hata nilipoandika ripoti sikutazama. Niliandika hivi, na ninanakili kutoka kwenye rasimu yangu: "Katikati, ukuta una mpindo mwanana unaofuata umbo la mlima na kuupa mkono uliochorwa uhai." Nilijivunia neno "mwanana". Mkuu wangu wa kazi, ambaye wote tunamwita Injinia, aliliwekea alama ya vema.

Fundi wakati huo alikuwa hayupo mjini. Magoti yalikuwa yamemkataza mlima kwa miaka kadhaa, na binti yake alimchukua akaishi naye Usagara. Nilikuwa nikipanga kwenda kumsomea sura ya kwanza. Nilipanga sana.

Alhamisi moja ya mwezi huu wa mvua, ripoti ikiwa inatakiwa Jumatatu, Mama Kulwa alinipigia simu. Hakusalimia.

"Njoo huku juu. Fundi wenu ameingiwa na kichaa. Anaupiga Mkono nyundo!"

Nilipanda zile ngazi bila kuhesabu pumzi wala kitu kingine. Nilimkuta kweli. Mwembamba kuliko nilivyomwacha, kofia ya sufu kichwani, ameshika tindo na nyundo, amesimama njiani, penye ukingo wa ukuta ambako mchoro unaanzia, na vipande vya rangi ya mkono wake mwenyewe vimetapakaa miguuni. Kidole gumba cha mchoro kilikuwa kimekwisha kutoka. Watu wanne watano walisimama mbali na simu zao juu. Mama Kulwa alikuwa amejishika kichwa.

"Shikamoo, Fundi," nikasema, maana mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba. Mwangaluka. Shika hii."

Akanipa kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, timazi yake. Akaniamuru nipande nyuma kwa ngazi za pembeni, niishushe kutoka juu ya ukuta, kisha nirudi chini kutazama. Nilifanya hivyo. Ukuta ulionyooka, kamba hushuka ikiwa sambamba nao hadi chini. Kamba ile ilishuka, ikagusa mchoro katikati, penye kiganja, na kutoka pale ikaning'inia peke yake hewani. Chini, kati ya risasi na ukuta, nilipitisha mkono wangu wote na bado kulikuwa na nafasi.

Mpindo mwanana.

"Umeona tumbo?" akauliza.

Nikautoa mkono wangu kwenye ile nafasi.

"Nilikuja kumsalimia mama huyu," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Mvua imenyesha siku tatu, naruka mfereji wake, mkavu. Nikamuuliza maji yanapita wapi. Akanishukuru." Akapiga nyundo mara moja, kipande kikaruka. "Akanishukuru, binti."

"Ulisema utafungua mengine pembeni," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Nilisema."

"Kwa nini hukufungua?"

Akasimamisha nyundo. Nilitegemea hasira. Akautazama mkono ule mkubwa juu yetu, na uso wake ukawa na aibu, aibu kabisa, ambayo sikuwa nimewahi kuiona pale.

"Nilikuwa napita hapa kila siku kuutazama," akasema. "Ningetoboa pembeni, maji yangechirizika juu ya rangi. Nikasema kesho. Halafu magoti."

Nikaona ni vema nimsogelee Mama Kulwa kwanza. Nilimwambia atoe watoto na vitu vya lazima, aende kwa dada yake hadi ukuta ushughulikiwe.

"Nihame?" akasema. "Kwa sababu ya mchoro? Si ninyi mlioniambia ni wa sifa, wazungu wanakuja kuutazama?"

"Nilikosea, Mama Kulwa."

"Ulikosea nini? Wewe si umesoma?"

"Nimesoma. Ukuta umejaa maji. Nyuma ya hapo ni tope tupu, na linasukuma kuja kwako."

Alinitazama, akamtazama Fundi, akatazama mlango wake. Kisha akaanza kuita majina ya wanawe kwa sauti ambayo sitaisahau, na vijana waliokuwa wakirekodi wakaweka simu mifukoni, wakaingia kumsaidia kubeba magodoro.

Nyumba ilipokwisha kuwa tupu na njia imefungwa kwa kamba, Fundi akarudi kazini. Alianzia ukingoni, mahali ukuta ulipokuwa bado umenyooka, akisogea kuelekea katikati tundu kwa tundu, na kila baada ya pigo alisimama kusikiliza. La kwanza lilitoa unyevu tu. La pili lilitema karatasi yangu. Niliitambua. Ilikuwa imegeuka uji wa kijivu, na herufi za kiwanda cha saruji bado zilisomeka. Nyuma yake yakaja maji, meusi, yenye harufu ya chini ya mtungi, kwa nguvu ya bomba lililopasuka. Yakapiga njia, yakaingia kwenye mfereji. La tatu vilevile. Yalitoka muda mrefu mno. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba maji mengi kiasi kile yanaweza kukaa kimya nyuma ya kitu ambacho nilikisifia.

Fundi alikaa kwenye jiwe kupumzika.

"Sehemu ya katikati ishushwe yote, ijengwe upya," akasema. "Mchoro hauponi. Andika kwenye kitabu chako: Fundi alikosea."

"Nitaandika tulikosea. Mimi ndiye niliyeziba. Na nilikuja kuandika kwamba ukuta ni mzima."

Hapo ndipo alipokasirika. Alinyanyuka akiwa amesahau magoti.

"Unaniibia," akasema.

"Fundi?"

"Umeandika ngazi ni za nani?"

"Zako."

"Benchi? Kuta za chini?"

"Zako zote."

"Sasa hili moja ndilo unalotaka tugawane? Mtoto wa shule hawezi kuziba ukuta wangu. Mtoto aliambiwa ziba, akaziba. Kosa ni langu kama jiwe lilivyo langu. Liache."

Nilisimama nikigeuza maneno kichwani kama kawaida yangu. Angekubali kubeba yote. Yeye ni mzee, hana mkataba wa kupoteza, na mimi ningebaki na kazi. Ningeweza hata kujiambia kwamba ninamheshimu. Niliogopa jinsi hoja hiyo ilivyokaa vizuri.

Simu ikaita. Injinia.

"Nahitaji picha ya Mkono," akasema. "Ile nzuri, ya jalada."

"Mkono haupo, Injinia."

"Haupo vipi?"

"Unavunjwa. Fundi anauvunja sasa hivi, na ni sahihi auvunje. Ukuta umetoa tumbo."

Akasema polepole, "Sura ya kwanza si inasema ni mzima?"

"Inasema hivyo."

"Nani aliziba maji?"

Fundi alikuwa akinitazama kwa macho makali, kidevu juu, akingoja.

"Fundi aliruhusu," nikasema. "Hilo ni lake. Kuziba niliziba mimi, kwa mikono yangu, na kwenye ripoti niliandika bila kupima. Hayo ni yangu. Leo nitakutumia kila kitu kwa maandishi."

"Unaelewa maana yake kwako?"

"Naelewa."

Akakata. Sikujua kama amekata kwa hasira au mtandao, na safari hii sikuwa na muda wa kulifikiria, maana Fundi alikuwa amekwisha kurudi ukutani. Hakunishukuru, wala hakunigombeza. Alitafuta tundu la nne kwa kiganja, akalipata, akalitia alama kwa msumari. Kisha akageuka, akaninyooshea tindo, upande butu ukiwa kwangu.

"Shika katikati, si juu," akasema. "Na ukisikia ukuta unaguna, kimbia. Usinisubiri."

Nikashika katikati.